Shule Zimefungwa, na Viwanja Vimefungwa Nazo

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Juni, na tena mwanzoni mwa Desemba, wazazi wa Tanzania huulizana: watoto watashinda wakifanya nini? Kenya, yenye mihula mitatu, swali hilo hurudi Aprili, Agosti na Novemba. Majibu yanayotolewa huwa ya namna mbili. Wapo wanaotafuta tuisheni, ili asubuhi za likizo zifanane na asubuhi za shule. Wapo wanaotafuta burudani: king'amuzi kilipiwe, simu iwekwe bando, na fedha zikiruhusu watoto wapelekwe siku moja kwenye bembea na mabwawa ya kuogelea ya kulipia. Hoja yangu ni kwamba majibu yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanamwona mtoto wa likizo kuwa mtu mwenye saa tupu ambazo mkubwa analazimika kuzijaza. Mtoto mwenye afya hana upungufu wa mambo ya kufanya. Kinachomkosesha raha, hasa mjini, ni mahali pa kuyafanyia, wenzake wa kuyafanya nao, na mtu mzima aliye jirani anayeweza kuitwa. Mambo hayo matatu hayauzwi dukani, wala mzazi mmoja hawezi kuyapata peke yake hata akiwa na uwezo. Ni mali ya mtaa. Kwa hiyo suala la kuwachangamsha watoto wakati wa likizo, ambalo tumezoea kulimaliza ndani ya nyumba, ni suala la ardhi na la utawala wa mtaa kabla halijawa suala la mfuko wa mzazi.

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye ushauri tunaouazima. Maandishi mengi kuhusu watoto na likizo yametungwa katika nchi zenye majira manne, ambako shule hufungwa kiangazi, yapata wiki sita Uingereza na zaidi ya miezi miwili Marekani. Humfikiria mzazi mwenye bustani nyuma ya nyumba, gari mlangoni na ruhusa ya kazini inayoweza kulinganishwa na likizo ya mtoto. Familia za Waswahili zilizohamia huko zinaweza kuufuata ushauri huo kwa kiasi fulani. Huko Muscat, ambako Kiswahili kingali kinasemwa majumbani, kiangazi kina shida nyingine kabisa: joto la nyuzi 40 na zaidi huwafungia watoto ndani mchana kutwa. Pwani yetu haina shida hiyo. Likizo ya Juni huangukia kipupwe, masika yakiwa yameisha, upepo wa kusi ukivuma na vumbi likiwa bado halijakithiri. Kwa mtoto wa Tanga, Lindi au Mombasa huu ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuwa nje, na huko bara baridi ya asubuhi haimzuii mtu kukimbia. Hali ya hewa haina lawama yoyote katika jambo hili.

Ili kuona kilichopungua, tuitazame michezo yenyewe. Rede huhitaji watoto wasiopungua watatu, mpira wa matambara au wa soksi, chupa na mchanga. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, na aliye kati hukwepa huku akijaribu kuijaza chupa mchanga kabla hajapigwa. Nairobi huuita kati na kanuni zake zinatofautiana kidogo, lakini mahitaji ni yale yale. Kombolela huhitaji kopo na vichochoro vya kujificha. Anayetafuta hulinda kopo, na aliyejificha akifanikiwa kulipiga teke, wote waliokamatwa huwa huru. Chandimu huhitaji mawe manne kwa magoli mawili. Gololi, ambayo Wakenya huiita bano, huhitaji ardhi iliyoshindiliwa. Tiara, inayopendwa sana Zanzibar, huhitaji upepo, uzi na anga isiyo na nyaya za umeme. Mdako huhitaji vijiwe na kivuli tu. Gharama ya vifaa vyote hivi ni karibu na sifuri, na hapa ndipo wengi wanaposhangaa kwa nini michezo hiyo imepungua mijini wakati haidai fedha. Jibu ni kwamba inadai kitu cha thamani kuliko fedha kwa bei ya leo ya viwanja: inadai ardhi tupu, karibu na nyumbani, inayoweza kutumika kila siku bila kuomba kibali. Inadai pia kundi. Mtoto mmoja hawezi kucheza kombolela, na ndugu wawili wanaoishi ndani ya ukuta wenye geti hawawezi kuicheza kwa zaidi ya dakika kumi.

Michezo hii ina kazi ambayo burudani ya kununuliwa haina. Hakuna mwamuzi. Watoto huamua wenyewe nani anaanza, mstari uko wapi, mdogo asiyejua kukimbia apewe nafuu gani, na anayedanganya afanywe nini. Nusu ya muda wa mchezo hupita kwenye ubishi, na mkubwa anayesikia kelele hudhani mchezo umeharibika. Ubishi huo ndio shule yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, wakiongozwa na Jane Barker, walilinganisha jinsi watoto wa Kimarekani wa miaka sita na saba wanavyotumia muda wao na uwezo wao wa kujipangia kazi na kuifuata bila kusukumwa. Waliokuwa na saa nyingi zaidi za shughuli zisizopangwa na wakubwa walionyesha uwezo mkubwa zaidi wa kujiongoza. Waliojaziwa ratiba walionyesha kinyume chake. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba jambo moja limesababisha jingine, kwa kuwa huenda watoto wenye kujiongoza ndio wanaoachiwa muda na wazazi wao. Hata hivyo unawiana na kinachoonekana kwenye rede: anayejifunza kujitawala lazima awe na saa ambazo hatawaliwi.

Sasa ardhi yenyewe. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na wakazi 5,383,728 katika sensa ya 2022, na nchini kote zaidi ya wanne kati ya kila watu kumi wana umri usiofika miaka 15. Mji wenye watoto wengi kiasi hicho ulipaswa kupimwa kwa viwanja vyake. Kilichotokea katika mitaa mingi ni kwamba eneo la wazi lililochorwa kwenye ramani ya mipango miji likawa gereji, kisha mahali pa kuoshea magari, kisha fremu za maduka, na mwisho nyumba yenye hati. Nairobi imepitia njia hiyo hiyo kwa ukali zaidi. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta; walipoandamana kuudai, polisi waliwarushia mabomu ya machozi, na picha za watoto wenye sare wakikimbia moshi zikaenea duniani. Uwanja ulirudishwa. Tukio hilo linatajwa kama kisa cha unyakuzi wa ardhi ya umma, na ndivyo lilivyo, lakini ni tukio kuhusu utoto pia. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, na baadaye alipoutetea msitu wa Karura, hoja aliyoisema ni ya mazingira na demokrasia. Ukipita Karura wakati wa likizo ya Agosti na kuona watoto juu ya baiskeli, unaona sehemu nyingine ya alichokiokoa.

Ardhi haikupotea kwa majengo peke yake. Magari nayo yalichukua fungu lake. Mayer Hillman na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba Uingereza, mwaka 1971, watoto wanane kati ya kumi wa umri wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mkubwa, na kufikia 1990 walikuwa wamebaki takriban mmoja kati ya kumi. Katika miaka hiyo vifo vya watoto barabarani vilipungua, na serikali ikajisifu kwamba barabara zimekuwa salama. Hillman alisoma takwimu zile zile kwa namna nyingine: barabara zilikuwa zimezidi kuwa za hatari, na watoto walipungua kufa kwa sababu walikuwa wameondolewa humo. Somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Bodaboda zimefika kwenye vichochoro ambavyo miaka ishirini iliyopita vilikuwa vya kombolela, na mzazi anayemwita mwanawe aingie ndani anafanya jambo la busara. Busara ya kila mzazi ikijumlishwa na ya mwenzake, mtaa unabaki bila watoto, na mtaa usio na watoto humruhusu mwendesha bodaboda kuongeza mwendo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo wangu inatoka kwa watetezi wa tuisheni, na inastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Wanasema mtoto husahau. Wana ushahidi. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39 za Marekani na kukadiria kwamba likizo ndefu ya kiangazi humrudisha mwanafunzi nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, hesabu zikiathirika kuliko kusoma, na kwamba katika kusoma watoto wa familia zenye kipato cha kati hawakurudi nyuma ilhali wa familia maskini walirudi. Huko Baltimore, Karl Alexander na Doris Entwisle waliwafuatilia wanafunzi walioanza darasa la kwanza mwaka 1982 na kuhitimisha kwamba pengo kati ya matajiri na maskini lilipanuka zaidi wakati wa likizo kuliko wakati wa shule. Miaka ya karibuni Paul von Hippel amechunguza upya vipimo vilivyotumika na kuonyesha kwamba sehemu ya matokeo hayo ilitokana na namna mitihani ilivyotungwa. Kwa vipimo vipya pengo hilo la likizo halionekani kwa uwazi ule. Tukubali hata hivyo kwamba kusahau kupo. Bado hoja ya tuisheni haijasimama. Likizo za Marekani zilizopimwa ni za zaidi ya miezi miwili mfululizo, na zetu za Juni ni za takriban mwezi. Tena kinachowalinda watoto wa familia zenye nafuu, katika tafiti hizo, hakikuwa kurudia silabasi. Dalili zinaelekeza kwenye vitabu vilivyomo nyumbani na mazungumzo na wakubwa. Ripoti za tathmini ya elimu iitwayo Uwezo katika Afrika Mashariki zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hao walikuwa wakihudhuria shule. Tatizo linalozaliwa darasani mwezi Februari haliponi kwa kuongeza darasa lile lile mwezi Juni.

Sheria nazo zimekwisha kulisema jambo hili. Kenya ilipitisha Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2013, na kifungu chake cha 37 kinakataza masomo ya likizo kwa shule za umma na za binafsi. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mutula Kilonzo, akiwa waziri wa elimu, alikuwa ametangaza marufuku hiyo mwaka mmoja kabla. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kumpa mtoto, na nchi zote mbili ziliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao ibara yake ya 31 inahusu kupumzika na kucheza. Marufuku ya Kenya haijaiua tuisheni. Imeihamishia sebuleni na kwenye kumbi za kukodi. Watu huona hapo udhaifu wa usimamizi. Mimi naona kwamba sheria ilifunga mlango mmoja bila kufungua mwingine. Mzazi anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala anailipa tuisheni kwa sababu mbili, na ya pili, ambayo hutajwa kwa nadra, ni kwamba huko mtoto yuko na watu. Anayetaka kuipunguza tuisheni ampe mzazi huyu mahali pengine ambapo mtoto atakuwa na watu.

Yaliyotokea wakati wa korona yanasaidia kutenganisha mambo. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kwa wote hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote nyingine, na hasara ilikuwa kubwa: kuna waliopata mimba, kuna waliozama katika kazi na hawakurudi. Hapo hakuna wa kusema kwamba watoto walihitaji kuachwa wacheze tu. Kenya, baada ya kufungua, ilibana ratiba ili kufidia muda uliopotea na ikafupisha likizo kwa kiasi kikubwa. Mwishoni mwa 2021 shule nyingi za sekondari zilikumbwa na migomo na mabweni yakachomwa, na wizara ikaongeza mapumziko mafupi mwezi Novemba. Sababu za moto ule ni nyingi na zinabishaniwa, maana mabweni ya Kenya yaliwahi kuungua hata katika miaka ya ratiba ya kawaida. Lakini si jambo dogo kwamba, kati ya hatua zilizochukuliwa kutuliza hali, mojawapo ilikuwa kuwarudisha wanafunzi nyumbani wapumzike.

Kuhusu runinga na simu, lawama za jumla hazitusaidii. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2014, ni kazi ya kuheshimika, na utafiti wa Dina Borzekowski uliofanyika Morogoro kuhusu kipindi cha Akili and Me ulionyesha kwamba watoto wa elimu ya awali waliokitazama walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya stadi kuliko wenzao. Kinachosumbua ni saa zilizobaki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kwa siku za kuutumia mwili kwa nguvu, na anayekaa ndani siku nzima hazipati, kipindi kiwe kizuri namna gani. Simu imekuwa yaya wa likizo kwa sababu ndiyo pekee inayopatikana saa zote, haihitaji uwanja na haimruhusu mtoto kwenda mbali. Kumnyang'anya simu bila kumpa pa kwenda ni kumwadhibu kwa kosa la mipango miji.

Wapo wanaosema dawa ni ya zamani: watoto wapelekwe kijijini kwa bibi na babu. Kila Desemba mabasi ya kuelekea Moshi na Arusha hujaa, na Nairobi hupungukiwa watu wanaokwenda mashambani. Ushauri huu una uzito kuliko unavyopewa. Katika utafiti wa tamaduni sita ulioanza miaka ya 1950, Beatrice na John Whiting na wenzao waliwachunguza pia watoto wa Kigusii wa Nyansongo, magharibi mwa Kenya, na wakaona kwamba watoto waliokabidhiwa kazi za kweli, hasa kuwalea wadogo zao, walikuwa wepesi zaidi wa kusaidia na kuwajali wengine kuliko wale wa jamii ambazo kazi ya mtoto ilikuwa darasani tu. Kuchunga mbuzi, kuchota maji na kuchambua mboga si kinyume cha mchezo. Kijijini mtoto huchanganya vyote ndani ya saa moja. Shida ni mpaka. Utafiti wa kitaifa wa 2014 uliona kwamba takriban watoto watatu kati ya kumi wa Tanzania Bara wenye miaka 5 hadi 17 walikuwa katika ajira ya watoto, na ni wazi kwamba shule zikifungwa hakuna mwalimu wa kuuliza kwa nini fulani hayupo. Kwa wasichana, kazi ya likizo huwa ndefu zaidi na mchezo mfupi zaidi, kwani binti wa miaka kumi akibaki na wadogo watatu ndiye anayegeuka mama wa nyumba. Huko Mara, likizo ya Desemba huenda sambamba na msimu wa ukeketaji, na nyumba salama kama za shirika la Rhobi Samwelly hujaa wasichana waliokimbia makwao. Kwa mtoto wa namna hiyo, ushauri wa kumpeleka kwa bibi unaweza kuwa hatari, na neno likizo linabeba maana tofauti kabisa.

Hapo tumefika kwenye pingamizi la usalama, ambalo wazazi hulitaja kabla ya yote: dunia ya sasa si ya kumwachia mtoto nje. Sina nia ya kulipuuza. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Utafiti huo huo, hata hivyo, ulionyesha kwamba kwa wasichana mahali palipotajwa zaidi palikuwa ndani ya nyumba ya mtu, na kwamba mara nyingi mtendaji alifahamika. Mtoto aliyefungiwa chumbani na mtu mmoja asiyeonwa na wengine hayuko salama kuliko mtoto aliye uwanjani mbele ya majirani kumi. Ulinzi unaofanya kazi ni macho mengi, na macho mengi hupatikana pale wakubwa wanapokuwa na sababu ya kukaa: muuza maandazi, wazee wa bao, mama anayesuka. Hatari ya maji ni ya aina nyingine na inataka jibu lake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wasiofika miaka mitano. Kwa watu wa pwani, wa visiwani na wa kando ya Ziwa Victoria, hakuna ukuta utakaomzuia mtoto kuufikia ufuo; kinachowezekana ni kumfundisha kuogelea. Mradi wa Panje wa Nungwi umewafundisha wasichana wa Unguja wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea ya kusitiri mwili mzima, na kwa njia hiyo umepatanisha stara na maji. Mafunzo kama hayo yangefaa kuwa shughuli ya kawaida ya kila likizo, Mwanza, Kigoma, Lamu na Mombasa.

Nikiambiwa nitaje hatua moja, ningesema geti la shule ya msingi lifunguliwe wakati wa likizo. Mitaa mingi ya Tanzania na vijiji vingi vikubwa vina shule ya msingi ya serikali, na nyingi ya shule hizo zina uwanja wa mchanga, miti ya kivuli, matundu ya vyoo na pengine bomba. Kwa miji iliyokwisha kupoteza maeneo yake ya wazi, ndiyo ardhi ya umma pekee iliyosalia karibu na nyumba za watu. Wiki zile ambazo watoto wanaihitaji zaidi, ndizo tunazoifungia kufuli. Hatuhitaji kununua kiwanja, kumlipa fidia mtu yeyote wala kusubiri bajeti ya miaka mitano. New York ilianza mpango wa namna hii mwaka 2007, ikafungua zaidi ya viwanja 200 vya shule kwa watoto wa mitaa baada ya masomo, wikendi na wakati wa kiangazi. Jirani zetu wa Kigali nao wameonyesha kwamba hata barabara inaweza kurudishwa: tangu 2016 baadhi ya barabara kuu hufungwa kwa magari asubuhi za Jumapili zilizopangwa, kwanza mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili, na familia huzijaza kwa mbio na baiskeli. Kama serikali inaweza kuyasimamisha magari ya mji mkuu, kamati ya shule inaweza kufungua kufuli.

Mwalimu mkuu atauliza maswali yake, na yote ni ya haki. Nani atalipa kioo kikivunjwa? Nani atawajibika mtoto akivunjika mkono? Vyoo vitasafishwa na nani? Madarasa yanaweza kubaki yamefungwa na uwanja peke yake ukafunguliwa, kwa saa zinazojulikana, tuseme saa tatu hadi sita asubuhi na saa tisa hadi kumi na mbili jioni. Mtu mzima mmoja au wawili wakae kivulini, wakiwa na sanduku la huduma ya kwanza na namba ya zahanati. Hawahitaji kuwa walimu, na ni afadhali wasiwe, maana walimu nao wanastahili likizo na mwalimu akiwepo watoto watasimama mstarini. Vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita wanaosubiri matokeo, wazee wanaoheshimika mtaani, viongozi wa skauti: hao wapo, na serikali ya mtaa inawafahamu kwa majina. Wachaguliwe mbele ya wazazi na wawe wawili wawili, kwa sababu ya yale tuliyoyasema kuhusu ukatili. Posho yao ni fedha halisi, na sitadai kwamba zitapatikana bila mabishano kwenye kikao cha halmashauri. Lakini wazazi wanaolipa tuisheni kila likizo wanatoa tayari, nyumba kwa nyumba, fedha zinazozidi posho hiyo. Wajibu wa kisheria nao unahitaji waraka wa wizara, kwa kuwa mwalimu mkuu hawezi kubebeshwa lawama ya jambo ambalo hakupewa mamlaka ya kuliruhusu.

Uwanja ukishafunguliwa, mambo mengine hupata pa kuegemea. Sanduku la vitabu vya hadithi vya Kiswahili chini ya mwembe litamfaa anayesahau kusoma kuliko kuamrishwa kurudia zoezi, na maktaba za umma zinaweza kuliazima kwa mwezi mzima. Kazi hiyo haina ugeni. Book Bunk ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imefufua matawi ya maktaba ya McMillan huko Kaloleni na Makadara, mitaa isiyo ya matajiri, na watoto wamejaa humo. Saa za wasichana zipangwe kwa makusudi, kwani uwanja ulioachwa hivi hivi hutwaliwa na wavulana wakubwa wa mpira ndani ya siku mbili, na anayelea mdogo aruhusiwe kuja naye. Mwenye ulemavu wa miguu atahitaji njia isiyo na mchanga mwingi kutoka getini hadi kivulini. Zaidi ya hapo, wakubwa waache. Wasilete ratiba, mashindano yenye kombe wala mgeni rasmi. Watoto wakipewa mpira, kopo na saa tatu, watajigawa makundi wenyewe, na watakaobishana juu ya mstari waachwe wabishane.